Sauti ya Ngozi na Sauti ya Mti

Katika lugha yetu neno ngoma limebebeshwa mizigo mingi. Ngoma ni gogo lililochongwa na kuwambwa ngozi. Ngoma ni uchezaji wenyewe. Ngoma tena ni sherehe nzima, pamoja na pilau yake na wageni wake. Kwa sababu ya wingi huo wa maana, twaweza kuzungumza juu ya ngoma usiku kucha bila kuuliza swali moja ambalo ni dogo kwa kulitamka lakini kubwa kwa kulijibu: sauti ya ngoma ni ya namna gani? Hatuulizi kama yavuma au yarindima. Twauliza kama sauti hiyo yaimbika. Yaani kama mtu aliyesimama kando aweza kuichukua kwa koo lake, akaipandisha na kuishusha mpaka koo na ngoma vikawa kitu kimoja. Ubao wa marimba ukigongwa, mtoto yeyote mwenye sikio zuri ataweza kuuitikia kwa sauti iliyo sawa nao. Kayamba likitikiswa, hata manju hodari hawezi kuliimba. Atasema tu, "chaka-chaka-chaka," na hapo atakuwa ameigiza mwendo wake, si sauti yake.

Vitabu vya muziki vitumiwavyo mashuleni hulijibu swali hili kwa haraka. Vyasema kwamba ala za kupigwa ni za aina mbili. Ziko ambazo kila pigo lake lina daraja lake maalumu la juu au la chini, ambalo wataalamu wa isimu hulita kidatu, na ziko ambazo hazina kidatu cha kutambulika. (Wanafunzi wa vidato mbalimbali wasichanganyikiwe, kidato na kidatu ni ndugu, na vyote viwili vina habari ya kupanda ngazi.) Kisha huchorwa jedwali. Upande mmja huandikwa marimba na kengele, na upande wa pili huandikwa ngoma, kayamba, manyanga, njuga, tari na upatu. Jedwali la namna hiyo tumelinakili ubaoni zaidi ya mara moja, na hatusemi kwamba ni la uongo. Kwa siku ya kwanza darasani linafaa. Lakini siku ya pili yatupasa kuliangalia tena, maana limeitupa ngoma yote kwa jumla upande mmoja, kana kwamba sauti yake ni jambo iliyozaliwa nalo na si jambo lililofanyiwa kazi na watu.

Tuanze na maumbile yenyewe, kwa kuwa jambo hili lina sababu zake katika elimu ya sauti, nazo si ngumu. Kitu chochote kikipigwa hutetemeka, lakini hakitetemeki kwa namna moja tu. Uzi wa zeze ulionyoshwa hutetemeka wote mzima, na wakati huo huo hutetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi zake na kwa robo zake. Kwa hiyo uzi utetemekao mara 100 kwa sekunde huleta pia sauti ndogo ndogo za mara 200, 300, 400 na kuendelea. Hesabu hizo zapatana, nalo sikio likizipokea huziunganisha na kusema: hii ni sauti moja, nayo iko hapa. Ngozi ya ngoma ni kitu kingine. Haikunyoshwa kwa urefu tu, bali imevutwa pande zote za duara. Kama pigo lake la chini kabisa ni mara 100 kwa sekunde, zile zinazoandamana nalo huwa karibu na 159, 214, 230, na kadhalika. Hizo hazipatani. Kila moja inavuta upande wake kama watu wanaosukuma gari bila mtu wa kuhesabu, na sikio hubaki na kishindo chenye uzito na rangi, lakini kisicho na mahali.

Ubao nao una desturi yake. Ubao ulio sawa kila mahali, usiofungwa popote, ukigongwa huleta sauti ya kwanza, na inayofuata huwa karibu mara 2.76 ya ile ya kwanza, na ya tatu karibu mara 5.40. Hizi pia hazipatani, lakini ziko mbali mbali sana, nazo hufa upesi, kwa hiyo ile ya kwanza hubaki peke yake uwanjani na sikio huishika. Wengi wetu tuliosoma katika shule zilizotundika rimu ya lori juu ya mwembe tunajua kengele ile ilivyokuwa. Ilikuwa na sauti, hapana shaka. Twaweza hata leo kuikumbuka na kuitofautisha na ya shule jirani. Lakini kumwambia mtu aiimbe lilikuwa jambo jingine, kwa kuwa mlikuwamo sauti tatu au nne zilizogombana, na mmoja wetu angeimba ya chini na mwingine angeimba ya juu, na wote wawili wangekuwa na haki. Upatu wa shaba uliokuwa ukigongwa katika ngoma za pwani una tabia hiyo hiyo. Siku hizi wengi hulijua neno upatu kwa habari ya kuchangiana fedha, na chombo chenyewe wamekisahau.

Fundi wa marimba hakusoma hesabu hizo za 2.76, lakini mikono yake inazifahamu. Tumtazame fundi wa amadinda, marimba ya Waganda yenye mbao kumi na mbili. Mti anaoupenda ni ule uitwao kwa Kiganda lusambya. Mbao hizo hazipigiliwi misumari. Hulazwa juu ya migomba miwili iliyolazwa chini, na vijiti huchomekwa baina ya ubao na ubao ili zisikimbie. Mahali pa kuulaza ubao si popote. Katika kila ubao utetemekao pana sehemu mbili zisizocheza, kila moja ikiwa karibu na asilimia 22 ya urefu kutoka mwisho wake. Ubao wa sentimita 50 hutulia kwenye sentimita 11 hivi kutoka kila ncha. Ukiulaza hapo, waimba. Ukiulaza katikati, wanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Kisha huja kazi ya shoka na kisu. Akipunguza mti chini ya ubao, katikati, sauti hushuka. Akipunguza kwenye ncha, sauti hupanda. Hupunguza kidogo, hugonga, husikiliza, hupunguza tena. Kipande kilichokatwa hakirudi, lakini upo mlango wa pili: aliyeshusha mno huenda kwenye ncha. Mwalimu wa fizikia atakayeleta vipande vinne vya mbao na magunzi mawili ya ngano ya mgomba darasani ataweza kuyaonyesha yote haya kwa kipindi kimoja, na wala hatahitaji umeme.

Sasa turudi kwenye ngozi. Yeyote aliyehudhuria ngoma ya usiku katika pwani yetu amewaona wapigaji wakiwasha moto wa makuti au wa karatasi na kuzielekeza ngoma zao huko kabla ya kuanza. Umande wa jioni huingia katika ngozi, ngozi hulegea, na sauti huwa ya kufa. Moto huikausha na kuikaza, sauti ikapanda. Mpigaji hugonga kwa ncha za vidole, huinamisha kichwa, huirudisha motoni, hugonga tena, mpaka aseme basi. Hapa twawauliza wenye jedwali: mtu huyu anatafuta nini? Kama ngoma haina kidatu, kwa nini haridhiki na kishindo chochote? Jibu ni kwamba hatafuti noti iliyowekwa, bali hatafuti kelele tu vilevile. Anatafuta nafasi ya ngoma yake katika jamaa ya ngoma. Vumi lazima livume chini, chapuo lazima ijibu juu, na ile ya kati isimezwe na mojawapo. Hata ngoma zote zikipanda kidogo pamoja au zikishuka pamoja, mchezo hauharibiki. Lakini chapuo ikilegea mpaka ikalikaribia vumi, wachezaji hupotea miguu. Kwa hiyo kinacholindwa ni umbali baina ya sauti na sauti, wala si mahali pa sauti moja moja. Wanawake wa Kigogo wapigao muheme, ngoma zao zenye kiuno chembamba zikiwa zimebanwa baina ya mapaja, hupata sauti kadha wa kadha kutoka katika ngozi moja kwa kubadili tu mahali na namna ya kupiga: katikati kwa kiganja, ukingoni kwa vidole. Jedwali lao halina safu ya jambo hilo.

Umbali huo wa juu na chini umewahi kufanyiwa kazi kubwa kuliko kuchezesha miguu. Katika bonde la mto Kongo, upande wa Kisangani, Walokele walikuwa na gogo lililokombwa ndani kupitia mwanya mwembamba, lenye midomo miwili isiyo sawa kwa unene. Mdomo mmoja ukigongwa hutoa sauti ya juu na mwingine hutoa ya chini. Lugha ya Kilokele, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, hutofautisha maneno kwa toni. Basi mpigaji alizifuata toni za maneno, na gogo likasema. Mmisionari John Carrington, aliyeishi Yakusu na aliyejifunza kulipiga, alieleza mambo hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1949. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zilizo sawa, gogo halikutaja neno moja likaishia hapo, bali lilitaja msemo mrefu uliozoeleka, ili msikilizaji asichanganye kitu na kitu. Je, gogo hilo lina kidatu au halina? Huwezi kupiga wimbo juu yake, lakini habari ya msiba ilivuka mto. Sisi wenye Kiswahili, lugha isiyokuwa na toni za namna hiyo, hatungeweza kuzungumza kwa gogo kwa njia ile hata tungelinunua kwa bei gani.

Wapo pia watu ambao hawakutosheka na juu na chini. Walitaka ngozi iimbe kama uzi uimbavyo, na walifaulu. Wahindi walifanya hivyo kwa dawa. Katikati ya ngozi ya tabla hubandikwa duara jeusi la unga uliochanganywa na vumbi la chuma, tabaka juu ya tabaka, na uzito huo huzivuta zile sauti zisizopatana mpaka zikaja karibu na mpango wa 1, 2, 3, 4. Mwanasayansi C. V. Raman, akishirikiana na Sivakali Kumar, alilieleza jambo hili katika mwaka 1920, miaka kumi kabla hajapata tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa nuru. Tabla si mgeni kwetu. Imekaa katika taarab pamoja na dumbak na rika, na anayesikiliza kwa makini atasikia jinsi inavyolia kwa sauti ya kushikika mahali ambapo rika hutoa tu mchakacho wa visahani vyake. Katika vikundi vikubwa vya muziki vya Ulaya, timpani hufanya kazi ya namna hiyo kwa njia nyingine, kwa msaada wa hewa iliyo katika bakuli lake la shaba na ya kanyagio la kukaza ngozi.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, uko hapa jirani, ng'ambo ya ziwa. Katika jumba la Kabaka wa Buganda palikuwa na ngoma ziitwazo entenga. Zilikuwa kumi na tano. Kumi na mbili kati yake zilipangwa kwa vidatu, kutoka kubwa hadi ndogo, kama mbao kumi na mbili za amadinda. Na tatu zilizobaki hazikupewa kidatu, kazi yake ikiwa kuubeba mwendo. Watu wanne walizipiga zile kumi na mbili kwa mikwiro myembamba iliyopinda, na wawili wakazipiga zile tatu. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Katika kundi moja la ngoma, zilizotengenezwa na watu wale wale, kwa miti na ngozi zile zile, kumi na mbili ziko upande wa kushoto wa jedwali na tatu ziko upande wa kulia. Aliyeuchora mpaka hakuwa mti wala ngozi. Alikuwa mtu aliyetaka nyimbo katika hizi na mwendo katika zile, akazikaza kamba za ngozi kufuatana na matakwa yake.

Nyimbo zilizopigwa kwa entenga ni zile zile zilizopigwa kwa amadinda, nazo zina ufundi unaostahili kuelezwa. Katika amadinda wapigaji wawili huketi kuelekeana. Wa kwanza hupiga mapigo yake kwa mwendo ulio sawa kabisa, bila kuharakisha wala kukawia. Wa pili huingiza mapigo yake katika nafasi zilizoachwa na wa kwanza, naye kwa mwendo ule ule. Kila mmoja peke yake ana wimbo mwepesi. Vikiunganishwa huja kitu chenye kasi ambayo hakuna mkono mmoja uwezao kuifikia. Wa tatu husikiliza sauti mbili za chini kabisa popote zinapotokea katika mchanganyiko huo, na kuzirudia juu kabisa, kwenye mbao mbili ndogo. Na hapo hutokea jambo ambalo Gerhard Kubik, mchunguzi kutoka Austria aliyejifunza amadinda Kampala kuanzia mwaka 1959, alilieleza kwa kirefu: msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Sikio huzikusanya sauti zilizo karibu karibu kwa kidatu, za chini na za chini, za juu na za juu, na kuzifanya nyuzi zake lenyewe. Bila kidatu maalumu kiinimacho hicho kisingewezekana kwa namna hii. Kayamba kumi na mbili zikipigwa kwa ustadi ule ule zitakupa mwendo mtamu, lakini hazitakupa wimbo uliofichwa.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Uganda yalilishambulia jumba la Kabaka kule Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza na akafia London mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967, nazo zikarudishwa mwaka 1993. Wanamuziki wa jumba walitawanyika. Hatukusudii kuzijadili hapa siasa za mambo hayo, maana zina wenyewe. Twalitazama jambo moja tu: katika kutawanyika kule, ala za mti na ala za ngozi hazikupata ajali iliyo sawa.

Ubao ulioondolewa kwenye migomba na kuwekwa darini hukaa na kidatu chake. Huenda ukapasuka, huenda ukaliwa na wadudu, na ukikauka sauti yake yaweza kusogea kidogo; lakini ukiokotwa baada ya miaka thelathini na kulazwa tena mahali pake, utakuambia kwa karibu sana fundi alitaka nini. Ngozi haina kumbukumbu hiyo. Ngoma iliyoachwa bila kukazwa hulegea katika mvua moja, na kidatu chake hutoweka, kisiache alama yoyote juu ya mti. Aliyeiokota ataona ngoma tu. Hawezi kujua kama ilikuwa miongoni mwa zile kumi na mbili au miongoni mwa zile tatu. Kidatu cha entenga hakikukaa katika entenga. Kilikaa katika masikio ya watu wachache waliozikaza kila mara, na watu wale walipokosa mahali pa kuzikaza, kikaondoka pamoja nao. Kwa muda wa miaka mingi entenga hazikusikika. Amadinda iliendelea kuishi, kwa sehemu kubwa kwa jitihada za watu kama Evaristo Muyinda, mpigaji wa jumba la Kabaka aliyefanya kazi pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda na kuwafundisha wenyeji na wageni. Ilifaa pia kwamba Mganda mwingine, Joseph Kyagambiddwa, alikuwa amekwisha kuziandika nyimbo nyingi za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1955. Katika miaka ya 2010 kazi ya kuzirudisha entenga ilipoanza nchini Uganda, wazee waliozipiga walikuwa wamebaki wa kuhesabiwa kwa vidole.

Hiyo ndiyo sababu hatupendi kuona ngoma ikiandikwa upande wa kulia wa jedwali kisha somo likafungwa. Mwanafunzi akifundishwa kwamba ngoma kwa asili haina kidatu, hatamwuliza mpigaji wa kijijini kwao anasikiliza nini anapoinamisha kichwa karibu na moto. Na mpigaji yule, asipoulizwa, hana desturi ya kujieleza. Elimu ya marimba yaweza kusubiri darini. Elimu ya ngozi haisubiri.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya wale wanaokubali kwamba kidatu kipo lakini wanadhani kidatu ni cha namna moja. Mashule mengi yana kinanda cha umeme, na fundi anayetengenezea shule marimba mara nyingi huambiwa azilinganishe na kinanda hicho, ili wanafunzi waweze kuimba nyimbo za kwaya juu yake. Kwa kazi ya kwaya hakuna ubaya. Lakini kinanda kimegawa ngazi yake ya sauti katika vipande kumi na viwili vilivyo sawa, na wapimaji wa sauti hukipa kila kipande senti 100, hivi kwamba ngazi nzima ni senti 1200. Waganda huigawa ngazi hiyo hiyo katika hatua tano zinazokaribia kuwa sawa, yaani karibu senti 240 kila moja, K. P. Wachsmann alilitangaza jambo hilo mwaka 1950 baada ya kuvipima vidatu vya kinubi cha Kiganda. Tafuta senti 240 juu ya kinanda: hutazipata. Utapata 200 au 300. Amadinda ikilinganishwa na kinanda hupata hatua fupi na hatua ndefu ambazo hazikuwamo, na zile nyimbo zilizofichwa hubadilika, kwa kuwa sikio sasa hukusanya sauti kwa umbali mwingine.

Wagogo nao wana njia yao. Kubik aliyewachunguza pia alionyesha kwamba vidatu vya nyimbo zao vyafuata zile sauti andamizi za uzi tulizozitaja mwanzoni, hasa kuanzia ya nne na kwenda juu mpaka ya tisa hivi. Na ilimba yao, yaani marimba ya vyuma, hulinganishwa kwa kufuata nyimbo hizo. Sauti ya saba katika mpango huo haimo katika kinanda chochote kilicholinganishwa kwa desturi ya Ulaya. Mtu aliyelelewa na kinanda huisikia na kusema kwamba Mgogo ametoka nje ya wimbo. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuipeleka ilimba katika kumbi nyingi za dunia na kufundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hakuwa nje ya wimbo. Na kabla hatujasahau: juu ya tundu la ilimba hubandikwa utando wa buibui, ili kila sauti iliyo safi iambatane na mlio wa kukwaruza kama wa nyuki. Wachopi wa Msumbiji hufanya jambo la namna hiyo katika vibuyu vya timbila zao. Fundi amehangaika siku nyingi kukipata kidatu, kisha kwa mkono wake mwenyewe akakichanganyia kelele isiyo na kidatu, kwa kuwa bila hiyo husema kwamba sauti ni ya baridi. Wenye jedwali waiweke wapi ala hiyo?

Inafaa kusema kwamba wataalamu wenyewe wa kuainisha ala hawakuufanya mpaka huu kuwa mpaka mkubwa. Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walipotoa mpango wao mwaka 1914 ambao hutumika mpaka leo katika majumba mengi ya makumbusho, waliuliza kwanza ni kitu gani kinachotetemeka: mwili wa ala yenyewe, au ngozi, au uzi, au hewa. Kwa mpango wao marimba na kayamba wako nyumba moja, na entenga zote kumi na tano ziko nyumba nyingine. Swali la kidatu walilileta chini zaidi. Tunaona kwamba mwalimu akianza na swali lao, kisha akauliza swali la kidatu kwa kila ala moja moja, kwa masikio na si kwa kitabu, atakuwa amewapa wanafunzi kazi ya kweli. Wapewe ngoma mbili za shule na moto wa makuti. Wajaribu kuzipeleka mahali walipopataka, waone zinavyokataa, na wapime kwa saa zitakaa hapo kwa muda gani kabla umande haujazishusha.

Na aliye karibu na amadinda iliyolinganishwa na fundi wa Kiganda ana bahati zaidi. Mbao zile kumi na mbili zinazo bado ngazi ambayo entenga zilikuwa nayo. Atakayetaka kuzikaza ngoma kumi na mbili aweza kuanza na ubao wa chini kabisa: augonge, avute kamba, agonge ngozi, avute tena, kisha ahamie ubao wa pili. Itamchukua siku nzima, na kesho yake asubuhi, kama usiku ulikuwa na mvua, itampasa kuanza upya. Zile ngoma tatu za mwendo hazina ubao wa kuzilinganishia. Kwa hizo itabidi amtafute mzee aliyezipiga, na amwombe asikilize.